Steshenari ya kupeleka karatasi za siri Mtwara mjini, na nani hasa anavujisha siri za serikali

Nianze na jibu kwa wale wasiopenda kusoma marefu. Kama uko Mtwara mjini na una karatasi ambayo hutaki macho ya watu, iwe mkataba, majibu ya hospitali, barua ya nidhamu au dokezo la ofisini ulilotumwa kutolea kopi, steshenari ninayoisema hapa ndo ya kwenda. Ipo upande wa Chikongola, chumba kimoja tu, mashine mbili za fotokopi, kompyuta tatu, na dada mwenye duka ambaye kaniomba nisilitaje jina la duka lake mana hataki watu waanze kumiminika kila mmoja anasema yangu ni ya siri. Namheshimu kwa hilo na sitalitaja, ukiulizia maeneo hayo steshenari wanaorudisha kopi zilizoharibika utaonyeshwa. Nawapa nyota nne na nusu, hiyo nusu iliyokatwa nitasema huko chini imeenda wapi.

Mimi nimefanya kazi masijala, yaani ofisi ya kutunza majalada na barua za serikali, mpaka nikastaafu, kwa hiyo nikiingia steshenari siangalii kwanza bei, naangalia karatasi zinaishia wapi mteja akishaondoka. Na nimeamua kuandika kirefu kwa sababu kila mara nasikia barua ya serikali imevuja, imezagaa kwenye magrupu ya WhatsApp kabla hata aliyeandikiwa hajaipata, halafu watu wanasema ni wadukuzi, mara watu wa nje, mara vijana wa steshenari. Inaniuma kweli. Siri nyingi za ofisi zinatoka kwa mkono wa mtu wa ndani, tena mara nyingi sio jasusi wala mtu aliyelipwa, ni mtu aliyetumwa.

Ngoja nieleze inavyokuwa kwa wasiojua. Ofisini kuna masijala ya wazi na masijala ya siri. Ya siri ina mlango wake, kabati la chuma, watu wachache wenye ruhusa, jalada likitoka inaandikwa nani kalichukua na lini, barua ikitumwa inakaa kwenye bahasha mbili, ya ndani ndo ina muhuri na ya nje haina alama yoyote ya kumshtua mtu, anayeipokea anasaini kwenye kitabu. Utaratibu huo ukifuatwa karatasi haivuji kirahisi. Tatizo linaanza kabla karatasi haijafika masijala. Bosi kaandika kwenye laptop yake, printa ya ofisi wino umeisha na wa kununua unasubiri fungu, kikao ni saa nne, basi anamwita mhudumu wa ofisi, shika flashi hii kimbia hapo nje katoe nakala kumi. Mhudumu anakimbia. Flashi inachomekwa kwenye kompyuta ambayo asubuhi hiyo imeshachomekwa flashi za wanafunzi chungu nzima, faili linagoma kufunguka, kijana wa steshenari analikopi kwanza kwenye deskitopu, linafunguka, linaprintiwa, mhudumu anaondoka na nakala zake kumi mbio mbio. Faili limebaki pale na jina lake kamili, anayefuata kukaa kuchapa barua ya kuomba kazi analiona. Nakala mbili zilizotoka zimekunjamana zimetupwa kwenye boksi chini ya meza. Hapo siri imeshatoka kwa njia mbili na hakuna aliyekusudia.

Hilo boksi chini ya meza ndo linanikera kuliko yote. Karatasi za mle zinauzwa au zinagawiwa bure kwa mama wa vitumbua na vijana wa karanga. Niliwahi kununua korosho za kukaanga stendi, nimemaliza kula nikakikunjua kile kikaratasi, ni orodha ya malipo ya wakulima wa AMCOS moja, chama cha ushirika cha mazao, majina matatu matatu, kilo, namba ya akaunti ya benki na namba ya simu, upande mmoja mafuta yameshaingia lakini majina yanasomeka vizuri. Hiyo sio siri ya jeshi, lakini kwa mzee wa kijijini aliyetoka kulipwa korosho zake ni hatari tupu, mtu anampigia simu anamtaja kwa jina na kilo zake alizouza, anamwambia mzee wangu tutumie namba yako ya siri tukuongezee bonasi, na mzee ataamini kwa sababu mpigaji anajua kila kitu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022 na imeanza kufanya kazi Mei 2023, ipo na Tume yake kabisa, kwa hiyo aliyekusanya majina yale ndo mwenye wajibu wa kuyalinda, hawezi kusema steshenari ndo waliyatupa.

Sasa niwaeleze huyu dada anafanyaje tofauti. Kwanza skrini ya kompyuta ya mbele imegeuzwa inamtazama mteja, unaona mwenyewe faili lako linapofunguliwa na linapofutwa, na wakifuta hawaishii hapo, wanaingia kwenye kapu la taka la kompyuta na kule kwenye mafaili yaliyopakuliwa wanafuta na huko. Ukituma kwa WhatsApp ya duka wanafuta meseji mbele yako. Pili kopi iliyoharibika ni mali yako, wanakupa, hata kama imetoka nusu na nyeusi yote, usipoitaka kuna kimashine pembeni cha kukata karatasi kinazitoa nyuzi nyuzi kama tambi za Iddi, na karatasi za duka lile hazifungiwi kitu. Tatu, na hii nimeikuta kwao tu, kabla hujaondoka kijana anafunua kifuniko cha mashine na kuangalia kioo. Mtaona ni jambo dogo. Karatasi halisi ikisahaulika kwenye kioo cha fotokopi, anayefuata ndo anaiokota, na mimi masijala nimeletewa karatasi kama hizo na raia wema zaidi ya mara moja, wale wasio wema sijui walizipeleka wapi.

Kuna kitu kingine ambacho wateja wengi hawakijui. Mashine kubwa za fotokopi za kisasa zina hadi diski (hard disk), yaani kifaa cha kutunza kumbukumbu kama cha kompyuta, ndani yake, zinaweza kutunza picha ya kila ulichopitisha. Mwaka 2010 televisheni ya CBS ya Marekani ilinunua mashine zilizotumika kwenye ghala huko New Jersey, walipochomoa hadi diski wakakuta nyaraka za polisi wa mji wa Buffalo na rekodi za wagonjwa wa kampuni ya bima ya afya ya Affinity, na kampuni hiyo 2013 ikalipa zaidi ya dola milioni 1.2 kwa kosa hilo. Mashine nyingi tunazoziona mikoani ni mitumba. Nilimuuliza dada kuhusu yake kubwa, akaniambia ilikuja mtumba na aliposikia habari za hadi diski alimlipa fundi aifomati kabla haijaanza kazi. Sijaona mwenye steshenari mwingine mjini hapa ambaye hata anajua kuwa kuna hadi diski mle ndani, na maofisi yetu yanapopiga mnada mashine chakavu nina wasiwasi sana kama kuna anayekumbuka kuichomoa.

Ila kilichonifanya nikae chini kuandika ni hiki. Nipo nasubiri kopi za hati yangu ya kiwanja, kaingia kaka mmoja nadhifu, kachomekea, kitambulisho cha kazi kimeingizwa mfuko wa shati kamba ikining'inia. Anataka kuprintiwa picha kutoka kwenye simu. Binti wa kaunta kaifungua, mimi sikusogea ila nimeona wekundu wa muhuri juu kulia. Binti kanyamaza kidogo halafu kwa adabu kabisa:

"Kaka samahani, hii siwezi kuitoa."

"Kwani mashine mbovu?"

"Mashine nzima kaka, ila hii ina muhuri wa siri, na umeipiga picha. Naomba uirudishe ofisini, huko ndo waitolee."

Kaka kapandisha sauti, mimi ndo mtumishi wewe unanifundisha kazi, nalipa hela yangu. Binti hakubishana, kaifunga ile picha, kaifuta kwenye kompyuta huku kaka anaona, kamrudishia simu kwa mikono miwili. Dada mwenye duka katoka nyuma na kumwambia, "Shemeji usimkasirikie mwanangu, nimemwagiza mimi, ukija na barua ya mkuu wako inayosema tuitoe na nakala ngapi tutakutolea bure." Kaka kaondoka. Yule binti hana cheti cha uhazili, hajasaini kiapo cha kutunza siri, hajawahi kukaa semina hata moja, na alichokifanya pale wapo watumishi wenye viapo vyao kwenye mafaili hawakifanyi. Mtwara tuna kampasi ya Chuo cha Utumishi wa Umma hapa hapa mjini, wanafundisha utunzaji wa kumbukumbu, ningekuwa mkufunzi pale ningemualika huyu binti aje awaeleze wanafunzi hiyo siku ilikuwaje.

Turudi kwenye swali la nani anahusika. Sheria yetu ya Usalama wa Taifa ya 1970 inamkamata mtu anayempa jambo la siri mtu asiyeruhusiwa, sawa, hilo halina ubishi, yule kaka akitoa picha ile kwa mtu mwingine kosa ni lake. Lakini ofisini huwa tunaishia hapo hapo, anatafutwa mtu wa chini kabisa kwenye mnyororo, anapewa barua ya kujieleza ndani ya siku kadhaa, ni mhudumu au msaidizi wa kumbukumbu, kesi imekwisha. Hakuna anayeuliza kwa nini jalada la siri lilikuwa mezani kwa bosi mlango wazi yeye yuko chai. Hakuna anayeuliza nani aliruhusu simu ndani ya masijala ya siri, wala nani aliyeandikia wino wa printa mara tatu akanyimwa. Kwa maoni yangu aliyeruhusu karatasi itoke bila utaratibu ndo wa kwanza kuulizwa, aliyeibeba anafuata, na steshenari ni wa mwisho.

Na sio sisi tu. Jack Teixeira, kijana wa miaka 21 wa kikosi cha anga cha akiba kule Massachusetts, alikamatwa Aprili 2023 kwa kurusha nyaraka za siri za jeshi la Marekani kwenye kikundi cha marafiki zake cha Discord, mtandao wa kuchati, kule walikokuwa wanapiga soga za magemu. Hakulipwa na nchi yoyote, na mwaka 2024 kahukumiwa miaka 15. Ila uchunguzi wa jeshi la anga haukuishia kwake. Ulikuta wakubwa zake walishamuona anasoma na kunakili vitu visivyomhusu, wakamuonya mdomo mdomo na hawakupeleka taarifa panapotakiwa, na Desemba 2023 watu 15 wakachukuliwa hatua za kinidhamu, hadi kamanda akaondolewa. Hiyo ndo hatua ninayoitamani kuiona kwetu, wakubwa nao waandikiwe barua.

Edward Snowden naye, aliyevujisha siri za NSA, shirika la Marekani la kunasa mawasiliano, 2013, wengi wanadhani alikuwa mwajiriwa wa shirika hilo, wakati ule alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya kandarasi, Booz Allen Hamilton, yaani mtu wa nje aliyepewa funguo za ndani. Kila ofisi inayotuma kazi zake steshenari imempa mtu wa nje funguo vilevile, tofauti yenyewe ni kwamba steshenari hawajaandikishiana mkataba na mtu. Na Reality Winner, mfanyakazi mwingine wa kandarasi kwenye hiyo hiyo NSA, 2017 alikamatwa kwa sababu ya printa, picha ya waraka aliopeleka kwa waandishi ilionyesha karatasi imekunjwa, ikajulikana imeprintiwa na kubebwa, wakakagua mfumo wakakuta waliouprinti waraka ule ni watu sita tu. Alifungwa miezi 63. Kwa hiyo mtumishi anayedhani akiprinti hajulikani ajue kompyuta ya ofisi inaandika nani kaprinti nini, tena printa nyingi za leza za rangi zinaweka vinukta vya njano ambavyo macho hayavioni, ndani yake mna namba ya mashine na tarehe, watafiti wa Marekani walishavisoma tangu 2005. Serikali yetu nayo imeingia kwenye mfumo wa e-Office, jalada linatembea kwenye kompyuta na mfumo unaonyesha nani kalifungua. Ni hatua nzuri sana naiunga mkono, japo mtu akipiga picha skrini kwa simu yake mfumo hauoni kitu, tumerudi kwa yule kaka wa kaunta.

Kuna upande mwingine siwezi kuuruka, kwa sababu sisi watu wa kusini umetugusa. Sio kila kinachovuja kilistahili kufichwa. Baada ya vurugu za gesi za 2013 hapa Mtwara, watu walipopinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, watu walikuwa wanauliza mikataba inasemaje na jibu lilikuwa ni siri ya kibiashara. Mwaka 2014 kikavuja kiambatanisho cha mkataba wa Kitalu namba 2, kile cha baharini mbele ya Lindi, kati ya TPDC, shirika letu la mafuta la taifa, na Statoil, kampuni ya Norway ambayo sasa ni Equinor, mjadala ukawa mkubwa nchi nzima kuhusu mgao wa serikali. Mwaka uliofuata, 2015, ikaja sheria ya uwazi na uwajibikaji kwenye madini, mafuta na gesi, inataka mikataba iwekwe wazi. Sasa mzee wa Likong'o kule Lindi ambaye mtambo wa gesi umepangwa kujengwa kijijini kwake, kosa lake ni lipi akitaka kujua? Ukigonga muhuri wa siri kwenye kila kitu, hadi ratiba ya usafi na mwaliko wa kikao, watumishi wanauzoea ule wekundu, hawaogopi tena, na siku ya siri ya kweli wataishika vilevile kama ratiba ya usafi.

Daniel Ellsberg, yule aliyetoa nyaraka za vita vya Vietnam, kazi yake yote ilikuwa ya fotokopi. Mwaka 1969 alikuwa anatoka na mafaili usiku kutoka RAND, shirika la utafiti alilofanyia kazi, anaenda ofisi moja ya matangazo ya biashara huko Los Angeles kwenye mashine ya Xerox, kurasa kama 7,000, mwanae wa kiume wa miaka 13 anasaidia kopi na wa kike wa miaka 10 anakata kwa mkasi maneno ya siri kuu yaliyoandikwa juu. New York Times wakaanza kuchapa Juni 1971. Alishtakiwa, na Anthony Russo aliyemsaidia kutoa kopi akashtakiwa naye, kesi ikafutwa 1973 kwa sababu serikali yenyewe ilicheza rafu. Mimi namheshimu Ellsberg, alijiweka wazi akasema nimefanya na nipo tayari kwa lolote. Lakini waliomo ofisini kwetu na wameona uovu wajue kuna Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa za Uhalifu na Mashahidi ya 2015, unapeleka taarifa kwa mamlaka husika, sio kwenye grupu la familia. Kurusha barua ya uhamisho wa mtu kabla hajaambiwa, au majibu ya vipimo vya mwenzio, huo sio ushujaa, unamuumiza mtu tu.

Nirudi dukani nimalizie. Kopi ni shilingi 100 wakati majirani wanatoa kwa 50, kuprinti nyeusi 200, rangi 500, kuskani 500. Ni ghali kidogo na mimi nalipa bila kunung'unika mana najua hela ya ziada inaenda wapi. Nusu nyota nimeikata kwa mambo mawili. La kwanza umeme ukikatika hawana jenereta, kazi inasimama na faili lako limebaki limefunguliwa kwenye laptop yenye betri huku wote mnasubiri, hapo wanatakiwa wajiongeze walifunge. La pili, na hili kubwa, kaunta ni moja na chumba kidogo, wazee wanaokuja kujaza fomu wanasomewa kwa sauti mbele ya foleni nzima, jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho cha NIDA, wote mnasikia. Nimemwambia dada aweke hata pazia na kiti pembeni, kasema ataweka, nikikuta kaweka nitakuja kurekebisha hapa.

Rangi za picha zinatoka kijani kijani, kwa picha za passport nenda kwingine.

Wanafungua saa mbili asubuhi mpaka saa moja jioni, Ijumaa wanafunga mchana kwa ajili ya swala, Jumapili hawapo. Nenda asubuhi kabla wanafunzi hawajaja na rippoti zao za kubaindi, nenda na flashi ambayo haina vitu vingine. Na kama ni kazi ya ofisi unamtuma mtu, mpe kikaratasi chenye jina lako, idadi ya nakala na saini, wataiomba.